Kausha ya Bukavu na Kausha ya Kigoma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Cheruiyot; Baba Mchungaji Kalume, uliyekiombea chakula hadi kikapoa; bosi wetu Cheryl, uliyekubali kukaa Jumamosi nzima katikati ya watu wanaocheka kwa lugha usiyoijua; Mama yetu Emérance Cirhuza, mwenye siku yake; binti yetu Lydie; ndugu wageni waalikwa mliotoka Quakers Hill, mliopitia Cabramatta kutafuta samaki na majani ya sombe, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mlisikia kuna nyama: hamjambo wote!

Anayesimama mbele yenu anaitwa Salvator, mtoto wa Kigoma, na napenda mjue mapema kwamba mnamtazama mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushuka uwanja wa ndege wa Sydney. Niliwahi kuanguka kutoka juu ya lori pale Tunduma, nikaangukia lori jingine lililobeba magodoro. Polisi wa Ndola walinikamata, kumbe mkuu wa kituo ni wajina wangu, akaniachia na soda juu. Durban meli ilinikimbia kwa dakika tano, nikalia, na meli hiyo ikaenda kukwama mchangani siku tisa wakati mimi niko sokoni nanunua saa hii mnayoiona mkononi. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa makubaliano, lakini leo mikono hii inashika chumvi ambazo madokta wa vyuo vikuu huzisubiri kama watoto wanavyosubiri nguo za Krismasi.

Na bahati kubwa kuliko zote ni hii: kwa miaka saba katika kiwanda chetu pale St Marys, haijarudi hata chupa moja niliyoifunga mimi. Hata moja! Kwenye mlango wa chumba kikavu kuna karatasi yenye majina yetu, na mbele ya kila jina imeandikwa ni mara ngapi mteja amerudisha kazi ya mtu huyo. Mbele ya jina langu pana sifuri nzuri, ya mviringo, kama yai la kanga. Kwa ajili ya yai hilo, Jumatatu saa moja asubuhi Cheryl atanikabidhi ufunguo wa chumba kikavu, ufunguo ambao Mama Emérance anauachia leo.

Pigeni makofi. Taratibu, msiumize viganja, nyama bado ipo.

Lydie, naona umekaa karibu na Cheryl unamnong'oneza, unamgeuzia maneno yangu kuwa Kiingereza. Vizuri sana. Nikianza kumsema bosi, wewe kohoa tu, ruka, endelea mbele. Nitakwambia pa kutoruka.

Sasa nawasikia shemeji zangu kule nyuma wakiulizana: chumvi gani hiyo ya kufanyiwa sherehe? Mama amefungasha chumvi miaka kumi na minne, si angekuwa na duka? Ndugu zangu, hizi si chumvi za kutia kwenye maharage. Ukizitia kwenye maharage, wiki ijayo tutakutana hapa hapa kwa hotuba ya aina nyingine. Hizi ni metali zilizofungishwa ndoa na klorini, au na bromini, au na ayodini. Kuna ya zinki, kuna ya magnesi, na kuna ya lanthani, metali ambayo hata mimi niliyeizunguka dunia sijawahi kukutana nayo barabarani. Wengine huzitumia viwandani kutengenezea dawa, wengine huzipeleka maabara kutafuta vitu ambavyo hata wao hawajavijua majina. Usafi wake huandikwa kwenye chupa tisini na tisa, nukta, tisa tisa tisa. Mimi siku niliyobatizwa sikufika hapo.

Na chumvi hizi zina sharti moja: zisiguswe na maji. Sisemi maji ya bomba, hayo hata mtoto angejua kuyakwepa. Nasema maji yaliyomo hewani, maji ya pumzi yako, maji ya jasho la kidole chako. Chumvi hizi zina kiu kuliko mjomba wangu siku ya harusi. Ukifunua kifuniko tu, zinakunywa hewa ya chumba, na punde kile kilichokuwa unga mweupe kimekuwa uji. Ndiyo maana tunazifunga ndani ya sanduku la kioo lisilo na hewa yetu, lililojazwa gesi kavu iitwayo agoni, na mfanyakazi anaingiza mikono tu, kupitia glavu ndefu za mpira. Pembeni kuna mshale unaopima unyevu. Mshale ukipanda, moyo unashuka.

Je, kazi kama hiyo inataka mtu wa namna gani? Inataka msomi? Wasomi wamekuja, wameondoka na vyeti vyao. Inataka mwenye nguvu? Mimi nilibeba magunia ya mahindi kutoka Mbeya hadi Lubumbashi, na sanduku lile lilinitoa jasho siku ya kwanza. Inataka mtu anayejua kusubiri. Na katika jimbo hili lote la New South Wales, sijaona mtu anayejua kusubiri kama mama huyu mfupi, mwenye kitambaa cha kijani, anayenitikisia kichwa hivi sasa akitaka nikae chini.

Mama, sikai. Nimepewa dakika ishirini na Mwenyekiti, na Mwenyekiti ni Mkalenjin, anajua kuhesabu mwendo.

Ninyi mnamjua Mama Emérance wa kanisani. Mimi namjua wa chumba kikavu. Anapanda treni Quakers Hill, anabadilisha Blacktown, anafika St Marys kabla ya walinzi, anaweka kila chupa sikioni kabla ya kuitoa. Ndiyo, sikioni! Anaiinamisha hivi, polepole, anasikiliza. Chumvi kavu ikiteremka inasema "shaaa", kama kanga mpya. Yenye maji inasema "pu," inanyamaza. Cheryl alileta mashine ya kusikiliza unyevu kwa namba, mashine kubwa yenye taa, na mara tatu Mama alisema "hii iko na maji" mashine ikisema safi, na mara tatu ilikuwa mashine iliyopelekwa kutengenezwa. Hata Biblia yake ina vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, kimoja Zaburi, kimoja Warumi. Mchungaji, Biblia yako ina ukungu. Ya Mama inakatika kama biskuti.

Lakini leo, kabla ya chakula, Cheryl alisimama akasoma cheti kizuri chenye fremu. Nakishukuru. Kilisema hivi: miaka kumi na minne, bachi elfu mbili mia moja na arobaini, yaani mikupuo ya chumvi iliyopita mikononi mwake, na bachi moja tu iliyorudishwa na mteja. Moja tu! Mlipiga makofi. Na Cheryl alisema kwa mapenzi, wala simlaumu, kwa sababu moja katika elfu mbili mia moja na arobaini ni sifa ambayo hata malaika wangeiomba.

Mimi nilimwangalia Lydie. Lydie hakupiga makofi. Alimwangalia mama yake, na mama yake akaangalia sahani. Ndugu wageni waalikwa, nimeomba kusema leo kwa ajili ya hiyo moja. Cheti kile kitatundikwa sebuleni Quakers Hill, wajukuu watakisoma, na watauliza: Bibi, hii moja ilikuwaje? Sasa mimi nawaambieni ilivyokuwa.

Ilikuwa Februari, mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Mnaikumbuka mvua ya mwaka ule? Nguo zilikaa kwenye kamba siku nne zikinuka. Kiwandani alikuwapo mfanyakazi mgeni, mtu mzima na ndevu zake, yuko katika miezi yake mitatu ya majaribio. Jina lake nalihifadhi. Tumwite Bwana Fulani. Alikuwa mtanashati, mcheshi, mrefu kidogo, tuseme mtu wa kupendeza. Mkewe na binti yake walikuwa bado Kigoma wakisubiri karatasi za kuja huku, na karatasi hizo zilitaka mume mwenye kazi. Bila kazi, hakuna karatasi. Bila karatasi, mtoto anamjua baba kwa sauti ya simu. Basi Fulani alikuwa akiingia chumba kile kama mtu anayeingia kanisani na deni la dhambi.

Lakini alikuwa na kasoro moja: majivuno. Mama Emérance alimwambia siku ya kwanza, "Hapa ndani apana saa, apana pete, apana bangili." Fulani akasema ndiyo Mama. Akavuta mkono wa shati, akaificha saa yake chini, kwa sababu ilikuwa saa nzuri, ya Durban.

Msicheke. Durban kuna saa nyingi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yao wawili tu. Mama anakausha, Fulani anafunga. Ilikuwa chumvi ya lanthani na bromini, chupa kumi na mbili, za dada mmoja mtafiti wa chuo kikuu. Katikati ya kazi, pini ya mkanda wa saa ikatoboa glavu, tundu dogo kuliko jicho la sindano, na hewa ya Februari ikapata mlango. Mshale ukapanda. Fulani akaona unga unang'ang'ania kijiko, nikatokwa na jasho, yaani akatokwa na jasho, yeye Fulani, akatoa mikono, akaziba tundu kwa gundi, akaenda kwa Mama aliyekuwa ameinamia tanuri.

"Mama, chumvi imeshika maji kidogo. Nifanyeje?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anaangalia joto la tanuri, na joto la tanuri halitaki kupepesa. Akasema neno moja tu: "Kausha."

Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo Kiswahili kilipotuchezea. Bukavu, ukimwambia mtu kausha, unamwambia kausha: irudishe kwenye tanuri, itoe maji. Si ndivyo, Mama? Lakini Kigoma, na Mwanza, na Dar es Salaam yote, mtu akikunong'oneza "kausha" anakwambia funga bakuli lako, jifanye hukuona, acha lipite. Fulani alisikia kausha ya kwao. Akasimama pale macho yamejaa machozi ya shukrani. Akajisemea, kumbe mama huyu ananipenda hivi! Ananificha! Akamkonyeza. Mama akadhani mdudu amemwingia jichoni. Fulani akarudi kwenye sanduku, akazifunga chupa zote kumi na mbili, akaziandika lebo kwa mwandiko mzuri, akazipeleka mlangoni, na gari likazichukua.

Hakuna mwizi pale. Hakuna mwongo. Kuna neno moja lililotoka Kongo likiwa zima na likafika Tanzania limevaa nguo nyingine.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Yule dada mtafiti huyeyusha chumvi ile, huiacha ipoe kidogo kidogo siku nyingi, hadi iwe jiwe moja linaloangaza kama kioo. Jiwe hilo likiguswa na mionzi usiyoiona kwa macho, linamulika. Ndiyo kazi yake, kuona yasiyoonekana. Lakini la safari hii lilitoka na ukungu kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho, na lilipopoa likapasuka vipande viwili. Wiki zake tatu zilikwenda na maji.

Cheryl akatuita. Mnamjua Cheryl, hapigi kelele. Akikasirika anaongea taratibu, na hiyo ndiyo mbaya. Akauliza, kitabu cha zamu kina majina mawili, nani alijua chumvi imeshika maji?

Fulani alifungua mdomo. Naapa alifungua. Lakini Mama Emérance alikuwa ameshasimama, na akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama tunavyosema sisi: "Ni mkono wangu."

Lydie, hapa mtafsirie bosi vizuri, atakumbuka. Maana Cheryl alisikia "mkono wangu," akaruka, akakimbilia sanduku la huduma ya kwanza! Akamvua Mama glavu, akaugeuza mkono juu chini akitafuta damu, akaita apelekwe hospitali. Mama anasema, "Apana, patron, mukono iko muzima! Nasema kosa! Kosa njo yangu!" Na Cheryl bado ana bandeji. Wengine walicheka hadi wakashika kuta. Fulani hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Fulani alikosa mzaha.

Walipotoka nje, pale kwenye meza ya mapumziko karibu na mapipa, Fulani alimfuata.

"Mama, kwa nini umefanya hivi? Chupa ni za…"

"Nani alisema kausha?"

"Wewe Mama, lakini mimi nilielewa vibaya. Kwetu kausha ni kunyamaza."

Mama akamwangalia sana. Halafu akacheka, akiwa amegeuza uso pembeni kama anavyocheka siku zote, kwa mazoea ya kutopulizia mizani. "Ati kunyamaza? Bon. Neno ikitoka mu kinywa yangu ni yangu, hata ikiingia mu sikio yako vibaya. Weye ulitii." Kisha akauliza, "Bibi yako na mutoto bado wako Kigoma?"

"Wako, Mama."

"Basi, kausha."

Fulani akasema, "Niirudishe kwenye tanuri?"

"Apana," Mama akasema. "Sasa ni kausha ya kwenu."

Ndugu wageni waalikwa, nimesikia mahubiri mengi, hata yako Mchungaji, lakini sijawahi kusikia msamaha uliokuwa mfupi namna ile.

Na ile kausha ya Bukavu nayo ilifanyika. Chupa ambazo yule dada hakuwa amezifungua zilirudi, na chumvi yake iliyoloa haikutupwa. Mama na Fulani waliirudisha, wakaikausha siku tatu. Fulani alitaka kuongeza moto wamalize. Mama akamkamata mkono. "Weye mutu wa lori, sikiliza. Maji haifukuzwi, inaombwa itoke. Ukiifukuza na moto mukali, inatoka na kitu ya mwenye nyumba." Na ni kweli tupu, madokta wanaijua: ukiipasha haraka ikiwa na maji, maji yanaondoka na bromini, na kinachobaki si chumvi tena, ni kitu kingine kisicho na kazi. Basi wakapandisha joto kidogo, wakasubiri. Kidogo, wakasubiri. Siku ya tatu mchana Mama akaweka chupa sikioni mwa Fulani. Shaaa. Fulani amesikia mawimbi ya bahari mbili, lakini sauti ile ndiyo anayoiota.

Mwezi uliofuata yule dada mtafiti alituma picha: jiwe la ukubwa wa kidole gumba, halina doa, unasoma gazeti kupitia kwake. Picha ile iko ukutani mpaka leo. Haina jina la mtu.

Karatasi ya mlangoni, hiyo ina majina. Cheryl alikuwa ameshaamua kumpa Mama ufunguo mwaka ule. Baada ya ile moja, ufunguo ulikwenda kwa bwana mwingine, akakaa nao miaka mitatu. Mama alibaki akimfundisha kazi bwana yule, na kumwita bosi. Fulani alipita majaribio. Mkewe na binti yake walifika mwaka uliofuata, na aliyewapokea uwanjani na makoti ya baridi alikuwa Mama Emérance, kwa sababu Fulani alikuwa amesahau kwamba Julai ya huku si Julai ya Kigoma.

Mnaniuliza, je, Fulani hakuona haya? Aliona. Ngojeni niwaambie siku aliyoona haya kuliko zote. Mwaka elfu mbili na kumi na tatu Lydie alikuwa bado mwanafunzi, shule ikamleta kiwandani wiki moja kujifunza kazi. Msichana mwerevu, anasoma kila kitu kilichobandikwa. Ijumaa jioni, kwenye treni ya kwenda Blacktown, alimwuliza mama yake kwa Kiingereza chake cha haraka: mbona wenzako wote wa chumba kile wana sifuri, wewe peke yako una moja? Ulifanya nini? Mama akajibu kwa Kiswahili, taratibu: "Ni mukono yangu, binti. Mutu akikosa, anasema." Lydie akatazama dirishani. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mtoto wa umri huo anataka mama asiye na moja.

Fulani alikuwa kiti cha nyuma. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake, akatembea.

Na mwaka elfu mbili na kumi na tano, Mzee Symphorien, mumewe Mama, alipotangulia mbele za haki, tulizika Alhamisi, na Jumatatu Mama alikuwa mlangoni pa chumba kikavu amevaa koti jeupe. Nikamwambia, Mama, rudi nyumbani, utalia humu, na humu machozi yanaharibu. Akanijibu maneno ambayo sijawahi kuyatoa nje hadi leo: "Salva, nyumbani kila mutu anangoja nilie. Hapa njo fasi moja mutu anakatazwa kulia. Nakuja kupumuzika." Saa nne alitoka, akalia dakika kumi kwenye ile meza karibu na mapipa, akanawa, akajifuta hadi uso ukawa mkavu kabisa, akarudi kwenye mizani. Wiki mbili alifanya hivyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa naye pale mezani na kunyamaza, na mnajua kwangu kunyamaza ni kazi nzito kuliko magunia.

Mama Emérance, umetufundisha kwamba kuna mambo ya kukaushwa na mambo ya kukaushiwa, na mtu mzima ni yule anayejua tofauti. Ulinyamaza miaka saba ili mtoto wa mwenzako amjue baba yake. Mtoto huyo ndiye aliyekuletea maua leo, yuko pale, ana miaka kumi na moja, anajibu kila kitu kwa Kiingereza na kula kila kitu kwa Kiswahili. Je, deni la namna hiyo linalipwa kwa cheti? Kwa keki? Keki ni nzuri, mke wangu ameipika, lakini haitoshi.

Naiona midomo yako, Mama. Unaniambia kausha. Naijua ni kausha ipi, ni ile ya kwetu. Umejifunza Kitanzania vizuri mno. Lakini leo unastaafu, si bosi wangu tena, na kwa mara ya kwanza sikutii.

Mheshimiwa Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Nawashukuru wapishi, nawashukuru waliopanga viti, namshukuru Baba Mchungaji kwa uvumilivu, nawashukuru ninyi nyote kwa kunipa masikio yenu, ambayo leo nimeyatumia kuliko nilivyostahili. Jana jioni nilibandua ile karatasi ya mlangoni. Hii hapa, ilikuwa mfukoni. Kalamu pia ninayo. Cheryl, ufunguo wa Jumatatu ni wako, mpe unayemtaka, nami nitakuja kazini saa moja kama kawaida, bila saa mkononi.

Lydie, mwanangu, ndipo hapa. Usiruke hata neno moja. Mtafsirie bosi, halafu jitafsirie na wewe. Magodoro ya Tunduma ni kweli, Mungu shahidi. Sifuri ni uongo. Fulani ni mimi, na chupa zile kumi na mbili nilizifunga mimi.